Lubumbashi hadi Kalemie kwa ndege: umbali, muda wa angani, na maswali ambayo watu huniuliza kila mara

Hadi 2015 Lubumbashi na Kalemie zilikuwa ndani ya mkoa mmoja wa Katanga, huku Kongo (DRC). Mkoa ulipokatwa vipande vinne, Lubumbashi ikabaki makao makuu ya Haut-Katanga, na Kalemie ikawa makao makuu ya Tanganyika. Jamaa hazikukatwa. Huku kwetu Lubumbashi, kwenye mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba, kuna nyumba nyingi ambazo bibi yuko Kalemie na wajukuu wako Lubumbashi. Mimi nimezaliwa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, nikakulia huku, na kila mara ndugu au jirani anapotaka kusafiri huja kuniuliza. Nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja.

Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi uwanja wa Kalemie ni kilomita ngapi?

Takriban kilomita 660 kwa mstari ulionyooka. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo kwao ni kama maili 356.

Usiniamini mimi, hesabu mwenyewe. Luano iko latitudo ya digrii 11 na dakika 35 kusini mwa ikweta. Uwanja wa Kalemie uko digrii 5 na dakika 53 kusini. Tofauti ni digrii 5.7 hivi, na huku kwetu kila digrii ya kwenda kaskazini ni karibu kilomita 110.6. Hapo umepata kilomita 632 za kupanda kaskazini. Sasa angalia longitudo: Luano iko digrii 27 na dakika 32 mashariki, Kalemie iko digrii 29 na dakika 15. Hizo ni kama kilomita 189 za kwenda mashariki. Mwanafunzi wa sekondari anayejua pembetatu ya Pythagoras atamaliza hesabu kwa dakika mbili: 660.

Hesabu hii inakuonyesha pia kwamba safari karibu yote ni ya kwenda kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo tu. Watu wengi hudhani Kalemie iko mashariki kwa sababu ya ziwa na Tanzania iliyo ng'ambo. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji tukifika kwenye upepo na kwenye dirisha la kukaa.

Ndege hukaa angani muda gani?

Umbali haubadiliki, muda unabadilika, na kinachoubadilisha kuliko vyote ni aina ya ndege. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mkata tiketi ni hili: ndege gani?

Ndege ya jeti inayokwenda kama kilomita 780 kwa saa ikishapanda itahitaji saa moja na dakika tano hadi kumi, ukijumlisha muda wa kupanda na kushuka. Q400, ambayo ni ndege ya mapanga lakini yenye kasi, hufanya kama saa moja na robo au na dakika ishirini. ATR 72 na Fokker 50, zinazokwenda karibu kilomita 500 kwa saa, weka saa moja na nusu, hata dakika tano au kumi zaidi. LET 410, ile ndogo ya viti 19, ni saa mbili na kidogo. Cessna Caravan yenye injini moja ni saa mbili pia, na ikikutana na upepo mbaya itazidi.

Ona tofauti: kilomita ni zile zile 660, lakini mmoja anafika kwa saa moja na mwingine kwa saa mbili. Na hapo hatujazungumzia ndege inayotua njiani.

Mbona kwenye intaneti kuna programu inayoniambia ni dakika 50?

Kwa sababu programu hiyo inagawa umbali kwa kasi ya jeti kubwa, basi. Kilomita 660 kwa kilomita 800 kwa saa ni dakika 50 hivi. Haijui kwamba ndege hutembea taratibu ardhini kwanza, kwamba inapopanda haijafikia kasi yake, na kwamba inapunguza kasi mapema kabla ya kutua. Kwa safari ndefu, tuseme Lubumbashi hadi Kinshasa, ambayo ni kama kilomita 1,560, dakika hizo za mwanzo na mwisho humezwa. Kwa safari fupi kama yetu ni sehemu kubwa ya safari yenyewe. Programu haijui vilevile kama siku hiyo utapewa jeti au ndege ya mapanga, wala kama ndege itapita kwanza mahali pengine.

Swali hili linaniuma. Baba yangu mkubwa alipofariki Kalemie, niliona hizo dakika 50 kwenye simu nikawaambia watu wa huko: mazishi yakiwa saa tisa alasiri nitawahi, ndege inaondoka asubuhi. Ndege yenyewe iliondoka kwa kuchelewa, ikapitia mji mwingine kushusha na kupakia, ikakaa huko zaidi ya saa moja. Nilipotua Kalemie jua lilikuwa linazama. Nilikuta watu wamekaa matangani wameshanawa mikono, kaburi limefunikwa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lilikuwa zito zaidi. Tangu siku ile namwambia kila mtu: kwa jambo lisilongoja, kama kilio, mtihani au mgonjwa, usipange kwa saa, panga kwa siku. Fika siku moja kabla.

Nitajuaje kama ndege yangu inakwenda moja kwa moja?

Uliza kwa maneno haya haya: "Inatua wapi kabla ya Kalemie?" Ukiuliza "ni ya moja kwa moja?" utajibiwa ndiyo, kwa maana kwamba hutabadilisha ndege. Lakini ndege ile ile inaweza kutua mahali ukabaki umekaa kitini, mlango wazi, jua kali. Kila kituo ongeza saa nzima: kushuka, kupakua, kupakia, kuruka tena.

Tiketi yangu imeandikwa 10:00. Hiyo ni saa kumi?

Hapana, na tafadhali mweleze hivyo kila mzee wa nyumbani. Tiketi huandikwa kwa hesabu ya saa 24 inayoanza usiku wa manane. 10:00 ni saa nne asubuhi. 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. 16:00 ndiyo saa kumi jioni. Shangazi yangu mmoja aliona 10:00, akapika, akaoga, akaaga majirani wote, akafika Luano saa nane mchana akijiona amewahi. Ndege ilikuwa imeshatua Kalemie zamani.

Mimi nikimkatia mtu mzima tiketi humwandikia kwa kalamu nyuma yake: "Toka nyumbani saa kumi na moja alfajiri." Simwandikii saa ya ndege kabisa.

Kati ya Lubumbashi na Kalemie kuna tofauti ya saa?

Hakuna. Miji yote miwili iko saa mbili mbele ya saa ya dunia. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo anayeunganisha safari kupitia huko aangalie vizuri. Anayevuka ziwa kwenda Kigoma ataongeza saa moja kwa sababu Tanzania iko mbele yetu.

Kwenda na kurudi ni muda sawa?

Karibu sawa. Safari ya kwenda mashariki au magharibi ndiyo hupata tofauti kubwa kwa sababu upepo wa juu huisukuma au kuizuia. Yetu ni ya kaskazini na kusini. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki hupiga ndege ubavuni na kuisukuma kidogo kwa nyuma ikienda Kalemie. Ikirudi Lubumbashi upepo ule ule huizuia kidogo. Ni dakika chache tu. Ukiona safari ya kurudi imeandikwa muda mrefu zaidi kwa nusu saa, huo si upepo, kuna kituo katikati.

Kwa nini Kalemie haziji ndege kubwa kama zile za Kinshasa?

Njia ya kurukia. Ya Luano ina zaidi ya mita 3,000. Ya Kalemie haifiki mita 2,000. Ndege kubwa iliyojaa watu na mafuta inahitaji kukimbia sana kabla ya kunyanyuka, na inahitaji nafasi ya kusimama kama rubani akiamua kuacha kuruka dakika ya mwisho.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni: hewa. Luano iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Kalemie kama mita 780. Kadiri unavyopanda juu hewa huwa nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Mabawa hushika hewa nyepesi kwa shida, injini nazo hupungua nguvu. Ndege ile ile ingeruka mapema kama uwanja ungekuwa ufukweni mwa bahari penye baridi. Kwetu hukimbia mbali zaidi, au hupunguziwa mzigo. Ndiyo maana unaweza kuona mchana wa joto kali mizigo inaachwa uwanjani kusubiri ndege ya kesho. Inakera, najua. Lakini mkuu wa ndege anayekataa kilo mia mbili za ziada amefanya kazi yake, na mimi nikimwona anabishana na wapakiaji namwombea ashinde.

Kwenye ndege ndogo utapimwa na wewe mwenyewe, pamoja na mkoba wako wa mkononi. Usione haya wala usikasirike. Kwenye ndege ya viti 19, watu wanane wazito waliokaa nyuma wote wanaweza kubadilisha mizani ya ndege nzima. Ukiombwa uhamie kiti cha mbele, hamia.

Ni kweli ndege ya asubuhi ni bora?

Ndiyo, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili. Mvua za huku kwetu nyingi hujikusanya mchana: jua linachemsha ardhi, mawingu yanasimama kama minara, na kufikia saa tisa au saa kumi jioni radi imeanza. Ndege haipiti ndani ya wingu la radi, inalizunguka. Kuzunguka ni dakika kumi, wakati mwingine ishirini.

Wakati mwingine haiwezekani kutua kabisa. Sheria za anga zinataka ndege ibebe mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine kama ule wa kwanza haufai, na akiba ya nusu saa juu ya hayo. Rubani akifika juu ya Kalemie akakuta mvua imefunika kila kitu, atazunguka kidogo, kisha atageuza. Imenitokea. Tuliruka saa nane mchana, tukaona ukuta mweusi badala ya ziwa, na baada ya saa tatu tulikuwa tena Luano. Abiria wengine waligomba. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami alikunja mikono akasema, "Wanangu, aliyeturudisha ametupenda." Tuliondoka kesho yake asubuhi na mapema, anga jeupe.

Kuna sababu nyingine: viwanja vingi vidogo vya nchi yetu havina taa za njia ya kurukia, kwa hiyo kila kitu lazima kimalizike kabla ya giza. Ndege ya asubuhi ikichelewa saa nne bado itaruka. Ya jioni ikichelewa saa mbili huenda ikalala.

Kiangazi nacho kina tatizo lake. Watu huchoma misitu na mashamba, na kufikia Septemba na Oktoba moshi hutanda hadi huoni vilima. Lakini kwa ujumla Mei hadi Agosti ndiyo miezi ya kuaminika.

Nikae upande gani nione kitu?

Kulia, ukienda Kalemie. Kushoto, ukirudi. Kama ni asubuhi jua litakupiga usoni upande huo, lakini vumilia, kwa sababu sijui safari nyingine ya ndani yenye mambo mengi hivi kwa muda mfupi.

Ndege ikishaondoka Luano, dakika za kwanza ni mashamba, viwanja vipya vya nyumba, na wekundu wa ardhi yetu ya shaba. Kisha ardhi inainuka ghafla: hiyo ni Kundelungu, uwanda wa juu wenye nyasi, hifadhi ya taifa tangu 1970. Kingo zake zimekatika kama mkate uliovunjwa kwa mkono. Humo ndimo maporomoko ya Lofoi yanamoanguka zaidi ya mita 300, ingawa kutoka angani usitegemee kuyaona isipokuwa una bahati na mto umejaa.

Unashuka Kundelungu upande wa pili na unaanza kuona maji. Ndege inapita karibu na Kilwa, na Ziwa Mweru, sisi huandika Moero, linafunguka lote mkono wa kulia. Ng'ambo ni Zambia. Asubuhi utaona vidoa vyeusi juu ya maji: mitumbwi ya wavuvi.

Mbele kidogo unavuka mto Luvua, unaotoka ziwani pale Pweto. Hapa mimi humwambia kila ninayesafiri naye aangalie vizuri. Maji ya Mweru yanatoka kwa Luvua yakakutane na Lualaba kule Ankoro. Maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka kwa mto Lukuga, pale pale Kalemie, nayo yanakwenda kwenye Lualaba kaskazini ya Kabalo. Maziwa mawili, unayapita yote kwa saa moja na nusu, na mwisho wake maji yote hayo yanaingia mto mmoja na kuvuka nchi nzima hadi baharini. Nilifundishwa hayo shuleni kwa ramani ya ukutani na sikuyaelewa. Niliyaelewa kwenye dirisha la ndege.

Baada ya Luvua ni vilima na msitu mkavu, vijiji vichache, barabara nyekundu inayopotea na kurudi. Unaweza kusinzia hapo. Ukisikia injini zimebadilisha sauti, amka. Upande wa kulia mstari wa buluu unaanza kama ukungu, halafu unajua si ukungu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina zaidi, la pili duniani baada ya Baikal, na buluu yake si ya Mweru. Uwanja wenyewe uko kaskazini-mashariki ya mji, karibu na maji kiasi kwamba anayetua mara ya kwanza hukaza mikono kwenye kiti akidhani tunaingia ziwani.

Kuna njia nyingine ya kufika bila ndege?

Kuna reli. Inatoka Lubumbashi hadi Kamina, inapanda hadi Kabalo, halafu inageuka mashariki hadi ziwani. Kipande cha Kabalo hadi Kalemie, kilomita 273, kilifunguliwa 1915, wakati mji ukiitwa Albertville. Kamina na Kabalo ziliunganishwa 1956. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 1,200, karibu mara mbili ya njia ya ndege, kwa sababu treni inazunguka magharibi kwanza. Usiulize saa, uliza siku. Babu yangu aliipanda mara nyingi na aliipenda kuliko ndege, kwa sababu kila kituo kilikuwa na mtu wa ukoo aliyemletea chakula.

Barabara ya taifa namba 5 inapitia Kasomeno na Pweto. Kiangazi, kwa gari imara na dereva anayeijua, inawezekana. Wakati wa mvua siwezi kumshauri mtu mwenye haraka, wala mwenye mtoto mdogo.

Nibebe kilo ngapi, na je, naweza kurudi na ndagala (dagaa)?

Kilo zimeandikwa kwenye tiketi yako na kila kampuni ina kipimo chake, kwa hiyo soma tiketi yako, usimsikilize jirani aliyesafiri mwaka jana. Kila kilo inayozidi hulipiwa. Pima nyumbani. Muuza unga wa sokoni ana mizani na atakupimia mfuko wako bila shida.

Kuhusu ndagala: ndiyo, na hakuna anayerudi kutoka Kalemie mikono mitupu akakaribishwa vizuri. Zikauke kabisa. Zifunge kwenye plastiki mara mbili, kisha gunia, kisha shona. Zikiwa na unyevu harufu itaingia kwenye mizigo ya watu wote, na wafanyakazi wa uwanja wana haki ya kukukatalia. Mikebuka ya moshi, samaki wa ziwa, hufungwa vivyo hivyo, kwenye katoni, na majani makavu katikati ili isivunjike. Samaki mbichi acha, isipokuwa una sanduku la barafu lisilovuja na umeuliza kampuni kabla. Mafuta ya mawese huwa shida kubwa kuliko samaki: dumu hupanuka hewa ikipungua, kifuniko kinalegea, nguo za abiria kumi zinabadilika rangi. Usijaze dumu hadi juu.

Karatasi gani na pesa gani niwe nazo Luano?

Kitambulisho chenye picha. Wengi hutumia kadi ya mpiga kura au pasipoti. Hata kwa safari ya ndani, watu wa DGM, idara ya uhamiaji, huangalia karatasi, kwa hiyo usiweke kitambulisho ndani ya sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa.

Halafu kuna Go Pass ya RVA, shirika la serikali la viwanja vya ndege, mchango wa kujenga viwanja ulioanza 2009. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa safari ya nje. Uliza unapokata tiketi kama imeshahesabiwa ndani ya bei au utailipa dirishani. Beba noti safi: dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa, na saa kumi na mbili asubuhi huna pa kuibadilisha. Chukua risiti kwa kila unacholipa. Mtu akikudai pesa bila risiti, mwombe kwa heshima akuandikie, na mara nyingi jambo huishia hapo.

Fika saa mbili kabla ya kuruka. Luano iko kaskazini-mashariki ya mji, kama kilomita kumi kutoka katikati, lakini foleni ya magari asubuhi haijui kilomita.

Mama yangu ana miaka 70 na hajawahi kupanda ndege. Ataweza?

Wengi wanaweza, tena vizuri kuliko sisi. Saa moja na nusu kwenye kiti ni afadhali mara nyingi kuliko siku nne za barabara. Kama ana shida ya moyo, ya kupumua, au amefanyiwa upasuaji karibuni, aone daktari kwanza na abebe barua yake. Mjamzito wa miezi ya mwisho vilevile, kwa sababu kampuni inaweza kumrudisha bila barua.

Mweleze mambo matatu kabla hajatoka nyumbani, kwa utulivu, si pale mlangoni. Ndege ya mapanga hutoa kelele kubwa, na hiyo ni sauti yake ya kawaida. Itatikisika ikipita mawinguni kama gari kwenye mashimo, nayo haitaanguka kwa hilo. Na masikio yataziba wakati wa kushuka, kwa hiyo ampe kinywa kazi: pipi, karanga, au kumeza mate mara kwa mara. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo huo, ndiyo dawa yake.

Mvalishe nguo za tabaka. Juni na Julai alfajiri ya Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na Kalemie atakuta joto la ziwa. Mama yangu mzazi hupanda amejifunga vitenge viwili na kushuka na kimoja.

Nikifika Kalemie naweza kuendelea Goma au Bukavu?

Kwenye ramani ni karibu, karibu sana. Goma iko moja kwa moja kaskazini ya Kalemie, karibu kwenye longitudo ile ile, kilomita 465 hivi. Uwanja wa Kavumu wa Bukavu ni kama kilomita 400. Zamani mtu aliona Kalemie kama nusu ya njia.

Lakini uwanja wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na Kavumu ikachukuliwa mwezi uliofuata. Nina marafiki huko na sizungumzi juu yake kama habari ya mbali. Kwa mwenye safari ya kwenda huko, ushauri wangu ni mmoja: sikiliza watu wanaoishi kule wiki hiyo, si ratiba ya zamani, na usikate tiketi ya kwenda Kalemie kwa matumaini kwamba huko mbele njia itajifungua.

Kigoma ni jambo jingine. Ni kama kilomita 125 kuvuka ziwa, kwa meli au boti, na utahitaji karatasi za mpakani. Uliza bandarini Kalemie, kwa sababu boti hazina tarehe za kudumu.

Ndugu yangu anakuja leo. Niende uwanjani Kalemie saa ngapi?

Usiende kwa saa ya tiketi. Mwambie akutumie ujumbe akishakaa kitini, na mtu aliyemsindikiza Luano abaki hadi aone ndege imenyanyuka, akupigie. Hapo anza kuhesabu: saa moja na robo kama ni Q400, moja na nusu kama ni ATR au Fokker, mbili kama ni ndogo. Kutoka mjini hadi uwanjani ni mwendo mfupi, kwa hiyo una muda wa kuosha vyombo na kuweka maji ya bukari (ugali) motoni. Kama muda umepita nusu saa na hujasikia injini, usishtuke: angalia kusini. Kama kule ni kweusi, amezungushwa na mvua. Baki na simu mkononi, na chakula kifunike.